Kiti cha Abiria

Tuseme ukweli kabla hatujafika mbali: Spana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa magari, miaka ishirini na tisa kazini, hajawahi kumwibia mteja hata nati, na ukimletea gari linalokohoa atainama alisikilize mpaka ajue linaumwa wapi. Ila alikuwa na wivu. Na wivu, jamani, si kikohozi kwamba jirani atausikia. Unakaa humo ndani kimya, unakula na wewe, unalala na wewe, asubuhi mnaamka pamoja.

Aliyemtia wivu ni mdogo wake, tumbo moja, wakala wa kutoa mizigo forodhani. Yeye walimwita Karatasi. Majina yote mawili aliyatoa baba yao walipokuwa watoto, maana mmoja alikuwa hatoki chini ya magari na mwingine hainui kichwa kwenye daftari. Yakawaganda hadi wameota mvi.

Asubuhi moja Karatasi aliingia gereji, simu mkononi, anacheka peke yake.

"Kaka, acha kazi kidogo. Tazama."

Spana akafuta mikono, akatazama. Lilikuwa gari la michezo la Kiitaliano, la zamani, viti viwili, boneti ndefu, limejaa vumbi ndani ya banda la mfamasia mstaafu huko huko Italia. Hakuhitaji kuelezwa ni gari gani. Lilikuwa kwenye picha iliyotundikwa chumbani kwa baba yao tangu wao hawajazaliwa. Kwenye picha hiyo baba yao ni kijana mwembamba ameinama juu ya injini, na nyuma yake amesimama daktari mmoja, mwenye gari, mikono mfukoni. Miaka minne mzee alilihudumia gari la yule daktari. Alilishika kila mahali isipokuwa kiti. Daktari alisema fundi atamchafulia ngozi ya viti, basi hata kulijaribu barabarani alilijaribu mwenyewe, na fundi akabaki mlangoni akilisikiliza kwa mbali.

Spana alipokuwa na miaka tisa alisimama mbele ya picha ile akasema, "Baba, nikiwa mkubwa nitalileta hili, nikupakie nikuendeshe mwenyewe." Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Karatasi alikuwa na miaka minne, anachezea kamba za viatu sakafuni. Nani angedhani kale katoto kalikuwa kanasikia?

"Mwenyewe amekubali kuniuzia," alisema Karatasi. "Nataka mzee apande kabla magoti hayajamgomea kabisa. Na wewe ndiye utakayelifufua, kaka. Nani mwingine?"

"Hongera," alisema Spana.

Hongera gani! Roho ilikuwa inamuuma mpaka masikio yanapiga kelele. Ahadi yangu, alisema moyoni. Ameichukua ahadi yangu kama anavyochukua makontena ya watu, sahihi moja na mhuri, kwisha.

Gari lilikaa baharini wiki saba. Mtu mwingine angezungushwa na makaratasi ya forodha mpaka akome, lakini kwa Karatasi ile ilikuwa kazi ya asubuhi mbili. Kontena lilipofunguliwa mbele ya gereji, Spana alikuwa anaomba kimoyomoyo, Mungu amsamehe, walikute limeoza. Na kweli lilikuwa limeoza! Sakafu ilikuwa na matundu ya kutu ya kupitisha mkono, breki zimeganda, panya wamezaa ndani ya kiti cha dereva. Alifurahi kwa kama dakika moja hivi. Kisha akafungua boneti, akaona zile kabureta tatu za kuchanganya hewa na petroli zimejipanga kama alivyoziona kwenye picha maisha yake yote, na mikono ikaanza kumwasha.

Ikachukua miezi kumi na moja. Alikata sakafu akachomelea mpya. Injini aliifungua mpaka nati ya mwisho, akaitandaza mezani kwa mpangilio wake, na ole wako uisogeze. Rangi ya zamani aliitoa kwa msasa wa mkono, akapiga ya kijivu inayong'aa, koti baada ya koti. Kabureta alizilinganisha kama baba yake alivyomfundisha. Unachukua kipande cha mpira, ncha moja unaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza inavyovuta hewa, kisha unageuza skrubu kidogo kidogo mpaka zote tatu zinavuta kwa sauti moja. Kazi hiyo ilimlia siku nne. Mkewe alimuuliza kama siku hizi anaishi na yeye au na mpira.

Na kila Jumamosi, bila kukosa, Karatasi alikuja na wageni wake wa ofisini. "Gari langu hilo," anasema, kifua mbele, ameegemea mlango, anapigwa picha. Siku moja mgeni mmoja akamwambia Spana, "Samahani fundi, sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

"Aa, huyo ni kaka yangu," Karatasi akadakia, "ndiye aliye..." Lakini picha ilishapigwa. Spana alisogea. Siku hiyo hakula mchana, na mke alipouliza alisema tumbo.

Sasa sikia alichofanya. Gari lile lina tabia yake. Unazungusha ufunguo nusu, pampu ya mafuta inaanza kugonga huko nyuma, tiki-tiki-tiki, unaingoja mpaka inyamaze. Unakanyaga mafuta mara mbili, mbili tu, unatoa mguu. Hapo ndipo unawasha. Ukikosea, ukipapia, injini inakunywa petroli, plagi zinalowa, na utapiga stata mpaka betri ife. Mzee alimwonyesha Spana hayo yote kwa gari la zamani la mteja, enzi hizo. Karatasi hakuwa na habari. Magari yake yeye ni ya kubonyeza kitufe.

Siku moja kabla ya mzee kupanda, Karatasi alikuja kuchukua ufunguo.

"Kaka, kuna chochote natakiwa kujua? Nisije nikaaibika mbele ya mzee."

Spana alikuwa anapangusa kioo ambacho kilishakuwa safi. "Ni gari tu," alisema. "Tia ufunguo, zungusha."

Ona mtu huyo! Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani. Mdogo wake atahangaika, atatoka jasho, mwishoni ataita, "Kaka, njoo." Naye atakwenda taratibu, atakaa kwenye usukani, ataliwasha mara moja, na mzee akiwa pale pale kando yake atasema, twende. Kesho yake alisugua kucha zake kwa brashi, akavaa shati jeupe.

Mzee alikaa ghorofa ya kwanza kwa binti yake. Kushuka ngazi kulimchukua karibu nusu saa, anapumzika kila vidato vitatu, dada yao amemshika upande mmoja na kwapani amebana mto wa kumwekea mgongoni. Alipoliona gari alilizunguka akaligusa boneti, taa, mlango. Kisha Karatasi akamfungulia, mzee akaingia, akakaa, mto mgongoni. Akashika ngozi ya kiti kwa viganja vyote viwili, akaipapasa.

Karatasi akaingia upande wa pili. Akatia ufunguo, akazungusha wote kwa mkupuo, mguu unapiga pedali kama anaua mende. Stata ikalia. Ikalia tena. Harufu ya petroli ikajaa uani. Majirani waliotoka kutazama wakaanza kunong'ona, na Karatasi shingo yote ikalowa. Spana alisimama ukutani, mikono kifuani, anasubiri kuitwa. Moyo ulikuwa unamdunda kwa raha, siwafichi, raha tupu.

"Acha," alisema mzee. "Acha kupiga. Umesubiri pampu inyamaze?"

"Pampu gani, baba?"

Mzee akageuza kichwa polepole, akamtazama Spana kupitia dirishani.

"Wewe. Njoo hapa. Habari za pampu nani alikufundisha?"

"Wewe, baba."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Uliniuliza?"

"Hapana. Ulinieleza tu."

"Kaka nilimuuliza jana," alisema Karatasi, taratibu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Si nilikuuliza?"

Mzee akaweka mguu mmoja nje, dada akakimbia kumsaidia kushuka. "Yule daktari alininyima kiti," alisema akihema, "lakini tabia za gari lake hakunificha hata moja. Mfundishe mwenzako. Sasa hivi, nikisikia."

Wakangoja dakika kumi plagi zikauke. Spana akaegemea dirisha akafundisha: ngoja inyamaze, sasa kanyaga, moja, mbili, toa mguu, washa. Injini ikaitika mara moja. Uani pote watu wakashangilia. Mzee alifumba macho, akasikiliza kitambo, akaitikia kwa kichwa.

"Kabureta umezipanga vizuri sana," alisema. "Mkono wako mzuri, Spana. Huo mkono sina neno nao."

Akageuka, akazikabili ngazi.

"Baba, si upande sasa!" alilia Karatasi. "Linawaka!"

"Mimi nimeshapanda, nimeshashuka. Nendeni ninyi." Hakugeuka tena. Walisikia fimbo yake kidato kwa kidato, na katikati dada yao akisema, pole baba, pole.

"Panda, kaka," alisema Karatasi.

Spana alikaa kwenye kiti cha abiria. Mto ulikuwa bado pale, akauchukua akaupakata, maana hakuweza kuuegemea. Wakatoka getini, wakapita barabara ya maduka, watoto wanapunga, gia zinaingia laini. Karatasi hakuwa na hasira, na hilo ndilo Spana alishindwa kulistahimili. Angetukanwa angalau angejua pa kushika.

Kwenye mzunguko ambako walipaswa kugeuza, Karatasi alipunguza mwendo.

"Hapa ndipo tungebadilishana," alisema. "Mzee alipanga mwenyewe wiki iliyopita. Kwenda aende na mimi, hapa nikupigie simu uje, nishuke, kurudi arudi na wewe. Alisema wewe ulimwahidi kwanza."

Spana aliukumbatia ule mto, akatazama mbele. Injini ilikuwa inaimba vizuri, hakuna kabureta iliyokuwa nyuma ya mwenzake, na aliisikia hivyo mpaka nyumbani.