Makala Iliyofika Mbali

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka kwenye mashamba ya ngano, na Landrova ya chuo ilipanda kilima taa zikiwaka. Mbele alikaa Daktari Cresensia Hhando, mzaliwa wa Karatu, mtafiti wa magonjwa ya ubongo katika chuo kikuu huko Dar es Salaam. Mwaka huo wa 1983 wakubwa wa chuo walikuwa wakifikiria kumpandisha cheo awe profesa mshiriki.

Jina lake lilijengwa na makala moja. Miaka ya nyuma alizunguka vijiji hivi akiwatafuta watu wenye kifafa, akawapa vidonge, akaandika jinsi walivyoacha kuanguka. Makala ikachapishwa Ulaya, ikavuma. Kila alipofungua maktabani vile vitabu vinene vinavyoonyesha nani amemnukuu nani, alikuta majina mapya: wasomi wa Geneva, wa Delhi, wa Lagos. Wenzake walimwonea wivu, na yeye mwenyewe alijiona amefika. Sasa wakubwa walitaka makala nyingine, inayoeleza wagonjwa wale wanaendeleaje. Ndiyo iliyomrudisha nyumbani.

Alianza na Qamara. Kwenye makala hakuwa na jina, aliitwa tu mwanamume wa miaka ishirini, lakini ndiye ambaye wasomi walipenda kumtaja kuliko wote. Vidonge vilimtuliza kabisa. Alikuwa akilima kwa maksai, tena ameshachumbia.

Mama yake, Bernadina, alimkaribisha Cresensia kwa Kiiraqw, akampa kigoda na kikombe cha maziwa ya mgando. Cresensia akauliza kama Qamara yuko shambani. Bernadina akamwambia kwamba Qamara alishazikwa.

Akamsimulia bila haraka. Utafiti ulipofungwa, vidonge viliendelea kufika zahanati kidogo kidogo, kisha vikakatika. Nchi nzima ilikuwa haina hata sabuni, nani angeilaumu zahanati? Qamara akaanza kuanguka tena, na wazazi wa mchumba wakavunja uchumba. Siku moja alipeleka maksai kunywa maji kijitoni, akaanguka kifudifudi. Maji yenyewe hayakufika hata magotini. Wanaume waliokuwepo walimwona, ila waliogopa kumshika kwa sababu ya povu lililomtoka mdomoni, wakiamini linaambukiza. Wakatuma mtu amwite mama yake.

"Niliwakuta wamesimama ukingoni," alisema Bernadina. "Maksai walikuwa bado wanakunywa."

Cresensia aliweka kikombe chini.

"Ule uandishi wako, mwanangu, ulifika?"

"Ulifika mbali, mama. Wameusoma watu wa nchi nyingi."

"Na hao watu walijua kwamba dawa zimekatika?"

"Hapana, mama. Nilipoandika, dawa zilikuwepo. Baadaye sikurudi kuuliza."

Bernadina akatikisa kichwa polepole. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Cresensia zaidi. Alimwelekeza tu kwa jirani, kwa binti aitwaye Antonia, ambaye naye aliwahi kupewa vidonge na bado yu hai.

Antonia alikuwa ameangukia jikoni motoni, mkono mmoja umekakamaa kwa makovu. Kwenye nyumba nyingine alizopita, Cresensia alionyeshwa makaburi. Alimwachia Antonia vidonge vyote alivyokuja navyo, akijua havitafika hata mvua za vuli.

Aliporudi Dar es Salaam aliandika yote, akasema wazi kwamba watu wale walikufa kwa kukosa dawa inayojulikana. Jarida kubwa liliirudisha makala, likisema haina jambo jipya kuhusu ubongo. Jarida dogo likaipokea. Aliipeleka hata wizarani, akaambiwa asubiri fedha za kigeni zipatikane.

Uprofesa alipewa, kwa sifa za makala ile ya kwanza. Kwenye tafrija mkuu wa idara aliwasomea wageni majina ya nchi ambako ilinukuliwa, watu wakapiga makofi, naye akainamia sahani yake. Makala ya pili hakuna aliyeinukuu, si mwaka ule wala uliofuata.

Kila likizo alipanda Karatu na vidonge alivyoombaomba hospitali mbalimbali. Antonia akakaa miezi mingi bila kuanguka, akaanza kucheka na watu. Kisha likizo moja gari halikupata petroli, Cresensia akachelewa, na Antonia akaanguka tena, sokoni, mbele za watu, na watu wakarudi nyuma.