Taa za Mnara wa Chumvi

Kazini walimwita Mama Meno, ingawa hakuwa na mtoto hata wa dawa. Meno ndiyo aliyokuwa nayo tele. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na chumba chake, nyuma ya kliniki ya daktari mmoja mwenye haraka zake, kilijaa vinywa visivyo na wenyewe: vya plasta kwenye rafu, vya nta mezani, na fizi za rangi ya waridi zikisubiri kung'arishwa. Mtu akiingia mle mara ya kwanza alidhani anachekwa. Mwenye chumba hakucheka sana. Si kwamba alikuwa na roho mbaya, la. Alikuwa mtu wa kungoja, na kungoja kunachosha kuliko kulima.

Kila adhuhuri alinawa plasta mikononi, akaketi kwenye kigoda karibu na dirisha, akatoa simu na kufungua tovuti. Hapo alibofya taa yake, akatazama taa ya pili, akaridhika, kisha ndipo akala.

Taa hizo zina mkasa wake, na nisipousimulia mtamwona mwehu bure.

Palikuwa na tamthilia kwenye televisheni iliyoitwa Mnara wa Chumvi. Walinzi wawili, mkubwa na mdogo, waliishi katika mnara wa chumvi katikati ya ziwa lililokauka. Nje ulitanda ukungu uliokula majina ya watu: ukipotea humo unasahau unaitwa nani, hata kwenu unapasahau. Kazi ya wale walinzi ilikuwa kuwasha taa kila jioni, ili waliopotea waione warudi. Watu wazima, wenye kazi zao na akili zao, walilia machozi kwa ajili ya mambo hayo. Halafu siku moja, mwishoni mwa msimu, mtu akagonga mlango wa mnara. Mlinzi mkubwa akaweka mkono kwenye komeo. Picha ikakatika, majina ya waigizaji yakapita, na baada ya muda kituo kikatangaza kwamba tamthilia haitaendelea. Ndiyo hivyo. Mpaka leo ule mkono uko kwenye komeo.

Mashabiki walikataa katakata. Walituma chumvi kituoni, kila mmoja na bahasha yake, mpaka ikavuma kwamba makarani wa pale hawanunui tena chumvi ya mayai. Wakubwa wa kituo walitia pamba masikioni. Kilichobaki ni tovuti ya mashabiki, na tovuti hiyo ilizaliwa sebuleni kwa mama yake Mama Meno, na wazazi wake walikuwa wasichana wawili waliogombania kiti kimoja: yeye na mdogo wake.

Kwenye tovuti yeye alijiita Komeo. Mdogo wake alijiita Popo, jina alilopewa utotoni kwa tabia yake ya kuning'inia getini kichwa chini miguu juu. Kila sehemu ya tamthilia ilipopita waliandika muhtasari wake wakisaidiana, na mtindo wao ulikuwa mmoja tu: Popo anaanza, dada yake anamalizia. Popo hakuwahi kumaliza kitu, iwe chai, iwe ufagio, iwe sentensi. Alifika pale penye utamu, akasukuma kiti nyuma, akasema, "Dada, malizia." Na Dada alimalizia, huku akinung'unika na huku akipenda.

Taa zilikuwa wazo la Popo. Kila mwanachama aliwekewa kijitaa kando ya jina lake, kwenye ukurasa wa mbele. Ukibofya, kinawaka. Ukikosa siku nzima, kinazimika. Hakina faida nyingine yoyote. Lakini mtu akifungua tovuti na kuona majina yamewaka mstari kwa mstari, anajua kwamba hangoji peke yake.

Tamthilia ilipokatwa, mashabiki walianza kuandika miisho yao wenyewe. Popo naye akaandika wake. Aliuandika peke yake, akautundika bila kumwonyesha mtu. Mama yao alikuwa amefariki si zamani, nyumba imebaki na watu wawili, na Popo alikuwa ameitiwa kazi ya kuhudumia wagonjwa nchi ya mbali. Akiulizwa, alijibu, "Bado nafikiria, Dada."

Mama Meno akaanza kuusoma ule mwisho. Mdogo anauondoa mkono wa mkubwa kwenye komeo, anafungua mlango, anatoka kwenye ukungu, hageuki nyuma. Hakuhitaji mpiga ramli. Alielewa kwamba Popo ameshafikiria, na kwamba ameona ni rahisi kuwaambia mashabiki wote kuliko kumwambia yeye. Wanasema ulimi hauna mfupa. Kidole kinao, lakini siku ile hakikumsaidia: aliufuta ule mwisho.

"Hadithi yangu iko wapi?" Popo aliuliza, amesimama mlangoni na taulo kichwani.

"Nimeitoa. Ile tovuti si ya watoro."

Popo akageuka, akaingia chumbani. Wiki ile ile akaondoka. Teksi ilikuja asubuhi, sanduku likaburutwa sakafuni, na Mama Meno alibaki jikoni akisugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme neno. Hasira hasara, jamani, na hasara yake hulipwa polepole.

Siku chache baadaye taa ya Popo ikazimika. Mama Meno aliona lile doa jeusi kando ya jina akahisi kama ameng'olewa jino bila ganzi. Wiki nzima likabaki jeusi. Kisha adhuhuri moja, akiwa na kijiko cha nta mkononi, akafungua simu na kuikuta taa inawaka. Alilia mpaka daktari akachungulia mlangoni kuuliza kama ameungua. "Nimeungua kidogo," alijibu.

Tangu hapo taa ya Popo haikuzimika tena. Miaka ikapita, wanachama wakaoa, wakahama, wakasahau, taa nyingi zikafifia, lakini ya Popo iliwaka kila adhuhuri. Mama Meno alijijengea imani yake: mdogo wangu hataki kusema nami, ana kiburi kama mimi, lakini kila siku anakuja mlangoni, anabofya, anaondoka. Ananisamehe kidogo kidogo. Siku itafika, msamaha utatosha. Hakubadilisha namba ya simu, hata simu yenyewe ilipobadilika mara kwa mara.

Mama mdogo, yule aliyebaki wa upande wa mama yao, alijaribu kuwapatanisha. "Namba yake hii hapa. Mpigie. Meno ya mbwa hayaumani."

"Mama mdogo, mimi ndiye fundi wa meno," alijibu. "Yanaumana sana."

"Mmenyonya ziwa gani nyie, hata mkawa wagumu hivi?"

"Akinitaka anajua nilipo. Na ananitaka, namwona."

Mama mdogo hakuelewa anamwona wapi.

Basi mambo yakaenda hivyo hadi Mzee Waya alipopiga simu. Huyu Mzee Waya ndiye aliyetunza mitambo ya tovuti. Hawakuwahi kuonana, na sauti yake ilikuwa ya kijana, lakini wanachama walimpa uzee kwa heshima.

"Dada, habari za kazi. Ile kampuni inayotuhifadhia tovuti inafunga. Lazima tuhame. Kila kitu nitakibeba, maandishi, picha, majina. Taa tu ndizo zitaanza upya. Zote zitakuwa zimezimika, watu waje wawashe wenyewe."

"Vizuri," Mama Meno alisema. "Waje."

"Hata nyinyi waanzilishi itabidi mbofye sasa," Mzee Waya alicheka. "Maana zenu nilizifunga zisizimike."

Mama Meno alikuwa anakoroga plasta. Akaacha. "Ulizifunga lini?"

"Zamani hizo. Popo alipoacha kuingia, taa yake ikazima, wanachama wakaanza maneno, eti walinzi wamegombana, tovuti inakufa. Nikaona haipendezi. Nikazifunga zote mbili ziwake daima. Dada? Hukugundua?"

Angegunduaje? Yake aliibofya kila siku kabla haijapata nafasi ya kuzimika. Alikuwa anawasha taa inayowaka.

"Na Popo," aliuliza, "mara ya mwisho aliingia lini?"

"Kwa jina lake? Tangu alipoondoka, hajaingia. Mtu akitazama tu bila kuingia kwa jina, mimi simwoni. Nimekosea, dada?"

"Hujakosea. Endelea na kazi."

Alikaa na bakuli mapajani. Miaka yote ile alikuwa akipokea msamaha kutoka kwa waya. Ile adhuhuri aliyolia na kijiko cha nta mkononi, mtu asiyewahi kumwona, mahali asipopajua, alikuwa amegusa kitufe ili watu wasiseme. Hakumkasirikia. Alijionea huruma, na kujionea huruma hakumpendezi mtu wa umri wake, lakini ilikuja tu, akaiacha ije. Alimtamani mdogo wake kuliko siku yoyote. Alitamani hata yale makombo ya chai isiyomalizwa, vikombe nusu kila kona ya nyumba.

Tovuti ikahama. Wanachama wa zamani walirudi kwa shangwe, kila mmoja akawasha taa yake na kuandika salamu. Mmoja aliandika kwamba amekuwa babu lakini bado anangoja mlango ufunguliwe. Majina yakaanza kung'aa mstari kwa mstari, isipokuwa mawili ya juu kabisa. Jina la Popo likabaki jeusi, na sasa weusi ule ulikuwa wa kweli. Na Komeo naye hakuwasha. Kila adhuhuri alifungua, akatazama, akafunga. Mkono ulikataa. Aliona kwamba akibofya atakuwa anajidanganya tena, na kujidanganya safari hii angekuwa anajua.

"Mlinzi mkubwa yuko wapi?" wanachama waliuliza. "Komeo, uko salama?" Hakujibu.

Siku moja alikuwa na kazi ya bibi mmoja aliyetaka meno ya kutabasamia harusini kwa mjukuu wake. Plasta ilikuwa imeshakorogwa, inataka kumiminwa upesi kabla haijashika. Simu ikalia. Namba ndefu, ngeni. Alitaka kuiacha, akaipokea kwa kidole cheupe cha plasta.

"Dada?"

Mama Meno aliliweka bakuli mezani.

"Dada, ni mimi. U mzima? Unaumwa?"

"Mimi mzima," alisema Mama Meno, na sauti ilitoka ndogo kama ya mtu mwingine. "Nani kakwambia naumwa?"

"Taa yako imezimika!" Popo alikuwa akihema kama aliyekimbia. "Siku zote naichungulia. Siingii kwa jina, natazama tu. Haijawahi kuzimika, Dada, hata siku moja. Nikasema labda kesho, labda kesho. Leo nikashindwa, nikampigia mama mdogo, akasema upo, nikaona ananificha kitu."

"Ulikuwa unatazama."

"Kila siku. Na yangu ilikuwa inawaka na mimi sijaigusa. Nikajua ni wewe unaniwashia. Nikajisemea, Dada hanisemeshi, ila hajanizima."

Angeweza kuunyamazia ule uongo mtamu. Alikuwa ameshaishi na wa namna hiyo miaka, na ladha yake aliijua.

"Sikuwa mimi," alisema. "Mzee Waya alizifunga zote mbili. Mimi niliwasha yangu, kwa mkono wangu, kila siku ya Mungu. Yako nilikuwa naitazama, nikadhani ni wewe."

Upande wa pili Popo akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia, na Mama Meno akamsikiliza anavyolia bila kujua aweke wapi mikono yake.

"Ile hadithi yako," alisema hatimaye. "Nilisoma mpaka pale mdogo anapotoka na kuingia kwenye ukungu. Nikaifuta."

"Hukufika mwisho?"

"Sikufika."

"Dada!" Popo alivuta pumzi. "Anarudi. Anapotea kule, anasahau jina lake, anasahau mpaka mnara. Halafu anaiona taa. Anaifuata. Anafika mlangoni, anagonga."

Mama Meno alishika ukingo wa meza. Plasta bakulini ilikuwa imeshika tayari, ngumu, na kijiko kimesimama ndani yake. Yule bibi angengoja meno yake.

"Na mkubwa?" aliuliza. "Mkubwa anafanya nini?"

"Hapo sikuandika. Hapo nilikuachia wewe, kama kawaida yetu. Nilingoja usome, umalizie."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia, akasimama, akaendelea. Mama Meno alijifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vyote vilikuwa vyeupe.

"Anafungua," alisema. "Andika hivyo, Popo. Anafungua. Hata komeo hajalitia tangu siku ile."