Nane Juu ya Sikio

Siku hiyo mjinga alikuwa kinyozi, na ni vizuri tuseme mapema mkasi usije ukasingiziwa.

Mwaka uliopita, kwenye harusi ya binamu yake, alisoma shairi lenye mstari mmoja ambao nusu yake ilikuwa na mizani saba badala ya nane. Wazee wa safu ya mbele, wanaohesabu silabi kwa vidole hata wakiombewa dua, waliguna. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Bwana Saba. Sasa dada yake mdogo alikuwa anaolewa kesho, na wiki mbili nzima kinyozi alimbembeleza mpaka akaruhusiwa kusoma, alifute hilo jina.

"Ukipwaya tena," dada alimwambia, "kipaza sauti nakizima mwenyewe."

Bwana harusi akaja kupunguzwa nywele, akasinzia kitini. Kinyozi ana mazoea ya kutunga kwa mkasi: kila silabi, mkasi unang'ata mara moja. Mstari uliomsumbua ulikuwa huu: *Shemeji dada mtunze, asipate la kulia.* Ile "m" ya "mtunze" haina irabu, lakini ni silabi kamili, nayo ina haki ya kung'atiwa nywele zake. Ukiimeza, umerudi kwenye saba. Akaupima. Nane, nane. Akahofia ameukimbiza, akaupima polepole. Kisha kwa sauti ya harusini. Alipofika mara ya tisa, alikuwa na uhakika ambao hajawahi kuwa nao maishani.

Bwana harusi akaamka, akajitazama kwenye kioo. Juu ya sikio la kulia palikuwa na uwanja.

"Shemeji," akasema kwa adabu, "hapa pana nini?"

"Hapo pana nane na nane."

Dada akaitwa. Akakizunguka kile kichwa mara mbili, mikono kiunoni.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimekamilisha mstari. Usikilize kwanza."

"Nauona."

"Nywele huota, mdogo wangu. Mstari ukitoka na saba, ni saba mpaka kaburini. Uliza mtaani naitwaje."

"Mimi sina neno," akasema bwana harusi, aliyeanza kuifahamu familia anayoingia.

Dada akauchukua mkasi mkononi mwa kaka yake, akampa mchumba wake.

"Kesho utasoma, kaka. Sasa kaa kitini. Kama nywele huota, na zako zitaota."