Uso Uliongojea Mlio

Sisi majirani tuliokuwapo studioni siku ile hatukugundua kwamba mlio haukuwapo. Mengine yote tuliyaona: kwamba kamera mpya ilikuwa nyepesi, kwamba kishikio chake kilitosha vidole vitatu na kidole cha mwisho kikabaki kikining'inia hewani, kwamba betri yake ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni kilichokaribia kwisha. Mlio hakuna aliyeuulizia. Kinachokuja hupiga hodi. Kinachoondoka hakina desturi hiyo.

Ilikuwa alasiri ya Jumanne katika studio ya mpigapicha, chumba kimoja chenye dirisha pana, pazia la kijivu na stuli iliyoungwa mguu kwa gundi. Kwa miaka mingi mpigapicha alikuwa ametumia kamera yenye kioo ndani. Kila alipobonyeza, kioo kile kiliruka juu kupisha mwanga, kisha kikaanguka mahali pake kwa mlio wa *kacha*, kama mlango mdogo uliofungwa na mtu mwenye haraka. Wateja wake waliujua mlio huo kuliko walivyomjua yeye. Kabla yake walibana tumbo na kunyoosha shingo. Baada yake walipumua, wakarudi kuwa watu.

Kamera mpya haikuwa na kioo. Ilikuwa na sensa kubwa ya kunasa mwanga, ile wanayoiita fulfremu, na iliyatafuta macho ya mtu yenyewe bila kuambiwa. Mpigapicha aliinunua kwa sababu kifundo cha mkono kilimuuma baada ya kila harusi, na kwa sababu maharusi wa siku hizi hawapendi viapo vyao vikatizwe na makelele. Ile ya zamani alimuuzia mwenzake wa ng'ambo ya barabara, mzee wa picha za vitambulisho ambaye watu wote humwita Babu Pasipoti. Kamera mpya iliweza kulia ikiamriwa. Yeye aliiamuru inyamaze.

Mkewe aliingia akitokea hospitalini, alikokuwa karani wa mapokezi. Mkoba ulikuwa bado begani, na mdomo alikwisha kuufungua.

"Hapo hapo dirishani!" mpigapicha alisema. "Usisogee. Cheka kidogo, mwenzangu."

"Nina jambo nataka—"

"Jambo halina miguu, halitakimbia. Cheka kwanza."

Akatabasamu. Mpigapicha akabonyeza, na hakikusikika chochote. Akaitazama picha kwenye skrini, akahesabu kope za mkewe moja moja, akaridhika kabisa. Mkewe alibaki amesimama akiungojea mlio, na tabasamu likaungojea pamoja naye. Mwishowe akavua viatu, akatundika mkoba, akatafuta pa kukaa. Tabasamu halikuondoka.

"Mama amelazwa tena," akasema. "Nataka niende kumwona."

Mpigapicha alimtazama usoni, kama alivyozoea kumtazama kila mtu.

"Afadhali umelipokea vizuri," akamwambia. "Tumalize harusi ya Jumamosi, kisha twende wote. Nani atanishikia taa?"

Kesho yake mke aliomba ruhusa kazini. Mkuu wake wa zamu alimkagua kuanzia kidevuni hadi kwenye paji, akacheka.

"Ruhusa ya mgonjwa, kwa uso huo? Dada, sema kweli tu kwamba kuna sherehe, na sisi utualike."

Ruhusa haikutolewa. Badala yake jina lake lilibandikwa ukutani kuwa mfano wa uchangamfu, karibu na tangazo la kunawa mikono. Yeye aliendelea kuwaelekeza watu vyumbani, wengine wakienda kusikia habari mbaya, na walimshukuru kwa kuwapa moyo.

Nyumbani aliukanda uso kwa maji ya moto. Alizivuta pembe za mdomo kwa vidole mbele ya kioo cha bafuni. Zilishuka, zikarudi kama lastiki. Wifi yake, aliyekuja kurudisha sufuria, alimwangalia mdomoni.

"Wifi, hayo meno umeyakodi? Mbona huyarudishi?"

"Yamekwama."

"Heri yako. Mimi uso wangu ulikwama kwenye hasira tangu nilipoolewa, na hakuna aliyenipa pole."

Mtu pekee aliyesikia ni mama yake, ambaye macho yake yalikwisha kufifia. Walizungumza kwa simu, mama akiwa kitandani wodini.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Silii, mama. Uliza yeyote hapa, atakwambia nacheka."

"Sijawauliza wao," mama akasema.

Baada ya harusi ya Jumamosi kulikuwa na mahafali ya Jumapili, na baada ya mahafali picha zilitakiwa haraka. Kila jioni mke wa mpigapicha alilirudia jambo lake, kwa maneno yale yale, na kila jioni mumewe aliinua macho, akaona uso usio na dharura, akaahidi siku ya karibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyejifunza kazi moja tu, ya kuamini kinachoonekana. Mama alifariki asubuhi ya siku ya kazi, kabla wauguzi hawajabadilisha mashuka.

Msibani, mke wa mpigapicha aliketi mkekani kati ya wanawake, akiwa na tabasamu lake. Waliokuja kumpa mkono waliangalia pembeni. Shangazi yake, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kutosha nyumba mbili, alivumilia kwa muda, kisha akasema, "Huyu amekuja kuzika, au amekuja kutukaribisha?"

Alipoinama karibu akaona machozi yakifuata mkunjo wa tabasamu, yakizunguka kona za mdomo kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Hili si lako," akasema. "Nani kakuacha nalo?"

"Mume wangu. Alinipiga picha, sikusikia ikilia."

Shangazi akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba zipu imeng'ang'ania. Akavua mtandio wake, akamfunika mpwawe kuanzia chini ya macho, na matanga yakaendelea.

Mpigapicha aliyasikia hayo akiwa kibarazani. Kando yake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe.

"Mama aliwaulizia, shemeji," kijana alisema. "Tulimwambia mko njiani. Basi kila mlango wa wodi ukilia, anageuza kichwa."

Mpigapicha akageuka kuutazama mlango wa nyumba.

Yeye na mkewe waliporudi, mpigapicha aliiamuru kamera mpya ilie. Ikalia, lakini mlio ulitoka kwenye spika ndogo, na uso wa mkewe haukuutambua. Alipiga makofi. Alisema "tayari" kwa sauti kubwa, kisha kwa upole. Ndipo akavuka barabara.

Kwa Babu Pasipoti benchi lilikuwa limejaa. Bwana harusi mmoja alikuwa ameinua kidevu na hakuweza kuona miguu yake. Mhitimu alikuwa ameegemeza shavu kwenye ngumi. Binamu wawili walikuwa wamekumbatiana mabega na ilibidi wapite mlangoni kiupande. Wote walikuwa wateja wa mpigapicha, na wote walimwamkia kwa heshima.

"Karibu," Babu Pasipoti alisema. "Watu wako siku hizi wanakuja kumalizikia kwangu."

"Unawapiga picha?"

"Picha ya nini? Naiachia ilie mara moja, wanakwenda zao. Watoto ndio hawaji. Hao wamezaliwa wakaikuta simu, hawajui kungojea chochote."

"Kwa nini hukuniambia, mzee wangu?"

"Nilidhani unajua. Si wewe uliyekuwa ukiwatazama?"

Mpigapicha aliiazima kamera yake ya zamani hadi mchana, na Babu Pasipoti akaomba radhi kwa waliokuwa benchini.

Alimsimamisha mkewe dirishani. Alitaka, japo mara hii moja, kuuona uso ule ukishuka. Lakini kamera yenye kioo ina tabia yake: kioo kinaporuka, kitundu cha kutazamia huingia giza, na kile kinachopigwa ndicho hasa ambacho mpigaji hakukiona. Alilijua hilo kwa miaka yote ya kazi yake, na halikuwahi kumsumbua. Akabonyeza. Giza likapita, kioo kikalia *kacha*, na mwanga uliporudi mkewe alikuwa ameinama, viganja usoni. Kwenye skrini tabasamu lilikuwapo bado, kwa kuwa picha hutangulia mlio.

Mkewe alipoinua kichwa, mpigapicha aliuona uso asioufahamu. Unyusi mmoja ulikaa chini kuliko mwenzake. Mdomo ulikuwa na mikunjo miwili ambayo haikuanza mwaka huu wala mwaka jana.

"Mama amelazwa tena," mkewe akasema. "Nataka niende kumwona."

"Twende," mpigapicha akajibu papo hapo. Akaweka kamera mezani, akatwaa ufunguo, akafika mlangoni na kushika kitasa ndipo akakumbuka. Mkewe hakumkumbusha. Alimwacha asimame pale muda wote aliouhitaji.

Mchana kamera ilirudishwa ng'ambo. Mpigapicha aliendelea na ile mpya, kwa kuwa kifundo cha mkono hakikumuuma tena na picha zake zilikuwa nzuri. Hilo hatuwezi kulikana. Habari zilienea kama zinavyoenea. Wakwe wakaanza kuja wenyewe kabla ya harusi, wakinong'ona: "Bibi harusi mpigie kwa ile isiyolia. Tunataka akae hivyo hivyo walau mwaka." Wengine walitaka hivyo kwa wahudumu wa duka lao. Mpigapicha aliwaandika wote kwenye kalenda.

Nyumbani kilichobadilika ni kimoja. Mkewe akiwa na jambo la kumwambia huzima taa kwanza, hata kama chakula kiko mezani, ndipo huanza kusema.