Onja Kwanza

Mama mkwe wangu, Mama Masika, alimchukia mwanamke wa kitanda cha jirani kabla hata ya kumsalimu. Alisikia tu kwamba anaitwa Nyiransengimana, jina la Kinyarwanda, la watu aliowalaumu kwa vita, na kwamba vita hiyohiyo imemtoa kijijini Kibumba, ikatosha.

"Usikulake chakula ya ule mutu, Kahambu," aliniambia, kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Atakuwekea sumu."

Nami nilimchukia vilevile, sitajifanya mwema. Vita ilikuwa imefunga barabara ya kwetu Butembo, na nilihitaji mtu wa karibu wa kumkasirikia. Kwenda mbali sikuweza: kondo la nyuma lilikuwa limeziba mlango wa kizazi, na daktari alisema nikisimama tu damu itatoka na mtoto ataondoka nayo. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika. Mama Masika alishaniambia kwamba na hii ikitoka, mwanawe Constant ataoa mwingine.

Hapa Goma anayekupa chakula huonja kwanza, wewe ukimtazama. Nyiransengimana, ambaye presha ya mimba ilikuwa imemvimbisha miguu, aliwahi kunikaribisha viazi. Akaonja. Nikageukia ukutani.

"Basi lala na njaa yako," alisema, akavila vyote, akitafuna kwa makelele ili nisikie.

Mabomu yalipoanza kuanguka upande wa Katindo, wodi nzima ilikimbilia nje. Mama Masika alikuwa wa kwanza mlangoni, kitenge mkononi, wala hakugeuka kunitazama. Nikateremsha mguu mmoja.

"Rudisha muguu," alisema Nyiransengimana.

"Usiniguse."

Alikuwa ameshakuja kukalia pindo la shuka langu kwa uzito wake wote. "Wewe mujinga. Kama nilikuwa nataka kukuua, ningetafutia nini sumu? Ningekuambia tu: simama."

Nilimtukana. Naye akanitukana, mimi na ukoo wangu wote mpaka Butembo, lakini hakuondoka. Madirisha yalitetemeka, naye alitetemeka, na bado alibaki amekalia shuka langu mpaka kukatulia. Ndipo mtoto akacheza tumboni. Nililia kwa hasira, maana furaha ile sikutaka kuipata mbele yake.

Asubuhi alifungua maharage yake yaliyobaki, yasiyo na chumvi kwa amri ya daktari, mabaya kabisa. Akainua kijiko aonje. Nikamnyang'anya, nikala.

Mama Masika alirudi mchana na sufuria ya bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, akatukuta tunakula sahani moja.

"Nani alionja hiyo?"

"Hakuna."

Alifyonya. Akaweka sufuria yake kitandani, akafunua kifuniko, akanisogezea. Harufu ya sambaza ilinijaza mate mdomoni. Niliweka mikono yote miwili juu ya tumbo langu.

"Onja kwanza, mama," nilimwambia.