Safu ya Maziwa

Tki. Gizani nikasikia mfuniko wa chupa ya vidonge ukifunguka. Mama mkwe ameamka kabla hakujapambazuka, kama kila siku tangu nilipojifungua kwa upasuaji.

"Meza, mwanangu. Mshono hauna huruma."

Nikanyoosha mkono, kisha nikaurudisha. Mtoto wangu mchanga alikuwa amelala tangu jana mchana. Nikimpa ziwa anafyonza mara mbili, analiachia, shingo inalegea.

"Mama, huyu halii."

"Sasa unataka alie? Mtoto ana adabu kuliko baba yake, nawe unalalamika."

Binti yangu wa miaka minne akacheka ndani ya shuka, hajui anachokicheka.

Mimi naosha mirija kwenye maabara inayochunguza dawa mpya, na jioni nasoma. Mkemia wetu tunamwita Fundi Ini. Hachoki kunieleza: ini ni jiko. Dawa inaingia mbichi, inapikwa, inakuwa kitu kingine, pengine kikali zaidi. Kuna wenye jiko la polepole, kuna wenye moto mkali. Ndiyo maana kabla dawa mpya haijaruhusiwa wanataka kujua inageuka nini, kwa kasi gani, na inatoka mwilini kwa njia gani. Kwenye fomu zake pa kutokea pana safu tatu: mkojo, kinyesi, maziwa. Hiyo ya tatu nilikuwa naipita tu kwa macho.

Kidonge kimoja hunilevya mpaka kuta zinayumba. Wenzangu wodini walimeza viwili wakaendelea kupiga soga; labda jiko langu ni la moto mkali.

"Mama, nahisi dawa inampata kwenye maziwa."

"Daktari ndiye aliyeandika. Wewe umesoma jioni."

Nikimeza, namlaza. Nisipomeza, siwezi hata kuketi. Mlango uko hatua sita, na wa kunishika mkono ndiye huyo aliyeshika kidonge. Nikampigia Fundi Ini simu, nikaweka sauti kubwa, nikamweleza.

"Usimeze kingine, na usimnyonyeshe," alisema. "Mpelekeni hospitali sasa hivi. Chupa mwende nayo."

Mama mkwe akamwinua mjukuu wake, akamfinya kisigino. Akamfinya tena. Mtoto hakukunja hata uso.

Akarudisha kidonge chupani, akanipa bega. "Shika shingo yangu. Ukitaka kulia, lia, mimi sisikii."

Hospitali wakampeleka nyuma ya mlango wa kioo cha ukungu. Dawa imemzidi, pumzi zimepungua, wakasema. Wamempa ya kuipinga, tungoje. Nikangoja kwenye benchi, mshono ukiwaka kila nikivuta hewa. Kuondoka siwezi, kuingia siruhusiwi. Maziwa yakajaa, yakalowesha gauni, na sikuwa na wa kumpa. Mama mkwe aliikumbatia ile chupa kwa mikono miwili.

Binti yangu akabandika sikio mlangoni. Akakaa hivyo, akakaa. Kisha akageuka.

"Mama, mtoto analia."