Fundi Taa na Mpira wa Kupulizia

Kwa miaka thelathini na minne Fundi Taa alikuwa na njia moja tu ya kumaliza ubishi na mkewe: alitia mpira mdomoni.

Asidhaniwe vibaya. Mpira wenyewe ulikuwa kifaa cha kazi, mwembamba na mrefu kama ule wa dripu ya hospitalini. Kioo cha taa za neoni huja kikiwa mrija ulionyooka. Fundi huulainisha juu ya moto wa gesi, halafu ana sekunde chache tu za kuukunja kabla haujaganda. Ukikunjwa hivi hivi hubonyea kwenye kona, kwa hiyo ncha moja huzibwa, ncha ya pili huunganishwa na mpira, na fundi hupuliza humo kidogo kidogo, kwa adabu, huku mikono ikikunja. Mtu mwenye mpira mdomoni hawezi kusema. Na mtu asiyeweza kusema, kwa hesabu za Fundi Taa, hadaiwi jibu.

Kulikuwa na jambo moja hasa ambalo hakutaka kulijibu. Miaka kumi na tisa nyuma, kazi ilipopamba moto, aliipanua karakana yake hadi kwenye ukuta wa nyumba, akaziba dirisha la jikoni kwa matofali ili apate pa kuweka rafu ya mirija. Alimwambia mkewe ni kwa miezi miwili. Tangu siku hiyo mama wa watu alikata vitunguu mchana kweupe chini ya balbu. Kila alipopeleka chai karakanani na kuuliza dirisha lake litarudi lini, mpira ulikuwa umeshaingia mdomoni, na mwenye nao amejitia hamnazo, anatoa sauti ya mmm puani. Mkewe aliwaambia majirani kwamba ameolewa na mtu aliyeuangazia mji mzima akamwacha yeye gizani, na hakupunguza hata neno.

Na kweli ulikuwa mji mzima. Nyoka wa kijani wa duka la dawa, kiatu cha buluu cha fundi viatu, mkasi mwekundu wa kinyozi uliofunguka na kujifunga, vyote vilitoka mikononi mwake. Kisha zikaja taa za plastiki, zinazouzwa kwa mita kama utepe, na wateja wakamkimbia mmoja mmoja, hata kinyozi, ambaye alikuwa shemeji yake kabisa. Fundi Taa alikaa miaka mitatu akipangusa vumbi kwenye mirija isiyo na mnunuzi. Ndipo msimamizi wa jumba la sanaa, mwanamke ambaye kwa ukubwa wa miwani yake mtaa ulimbatiza Bibi Miwani, alipoingia kwa kinyozi kuuliza njia, akauona ule mkasi umetupwa kwenye kona ya stoo. Nusura alie. Wiki iliyofuata Fundi Taa hakuwa fundi tena, alikuwa msanii, na angefanyiwa maonyesho. Mkewe alisema jana fundi, leo msanii, na suruali ni ile ile.

Maonyesho yalihitaji kazi moja mpya ya kuning'inia katikati ya ukumbi. Fundi Taa aliamua kutengeneza kitanda kizima cha taa, chenye mto na shuka iliyokunjamana. Mkewe aliona kitanda kinamfaa sana, kwa kuwa miaka mitatu alikuwa hana kazi nyingine ila kulala.

Alikuwa amefika kwenye mto wakati meno yalipomsaliti. Matatu ya mbele yaling'olewa, na daktari wa meno akampa ya bandia, mazuri kuliko yote yaliyobaki kinywani mwake. Yalikuwa na kasoro moja: hayakushika mpira. Akiung'ata, yalitoka nao. Akiushika kwa midomo mitupu, pumzi ilivuja kwa mluzi na mrija ukabonyea mikononi mwake. Bila pumzi hakuna kitanda, bila kitanda hakuna maonyesho, na angerudi kupangusa vumbi mpaka siku ya kuzikwa.

Kwanza alimwita jirani, mpiga tarumbeta wa bendi ya harusini, akidhani pumzi ni pumzi. Jirani alipuliza kwa madoido, macho ameyafumba, na mrija ukatoka na mafundo kama vitunguu vilivyofungwa kamba. Fundi alimshukuru sana, akamsindikiza mpaka njiani ili ahakikishe ameondoka.

Mkewe aliyaona yote hayo akiwa amesimama mlangoni na kikombe. Akaweka chai, akauchukua mpira, akaufuta kwa upindo wa gauni.

"Watoto wanne nimewapozea chai," alisema. "Kunja."

Akakunja. Pumzi ya yule mama ilikuwa shwari, haikuzidi wala haikupungua, na kona ya mto ikatoka laini kuliko kona yoyote aliyopata kuikunja maishani. Jambo hilo lilimfurahisha na kumuudhi kwa mpigo. Mwezi mzima walifanya kazi hivyo. Mpira ulihamia shingoni kwa mkewe, na hata alipokwenda jikoni hakuuvua. Fundi naye, kwa kuwa sasa mdomo wake ulikuwa wazi, alijikuta anasema kutwa: taratibu, sasa, ongeza kidogo, hapo hapo. Mkewe asingeweza kujibu. Ila alipoudhika alipuliza zaidi ya alivyoambiwa, na kioo kikavimba shavu. Fundi alijifunza upesi kutomhimiza.

Bibi Miwani hakuambiwa. Ukutani pa ukumbi aliandikisha maneno makubwa kwamba msanii huyu hufanya kazi peke yake, yeye na moto na pumzi yake, na Fundi Taa aliyasoma mara tatu asione kosa. Halafu Bibi Miwani akataka siku ya ufunguzi akunje mrija mmoja mbele ya wageni. Mtu mwenye akili zake angesema ana mafua. Yeye, kichwa kishamvimba, alikubali, akaenda nyumbani kumwomba mkewe akae nyuma ya pazia.

Mpango ulikuwa hivi. Mpira wa kweli ungepita chini ya meza na chini ya pazia jeusi hadi kwa mkewe, na Fundi angetia mdomoni kipande cha mpira kisichokwenda popote. Akigonga mguu mara moja, puliza. Mara mbili, acha. Mkewe alisikiliza mpango wote bila kutia neno, jambo ambalo lingemtia shaka mwanamume mwingine yeyote. Aliuliza tu avae gauni gani. Fundi alisema lolote, maana hataonekana. Akavaa lile la harusi ya binti yao.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Kitanda kilining'inia kikiwaka waridi na buluu, na watu walipokikaribia walishusha sauti kana kwamba kuna mtu amelala. Fundi Taa alikitazama, kifua kikamjaa. Alisimama mezani, akawasha moto, akabana kile kipande cha mpira kwa meno yake mapya, akaanza kuzungusha mrija. Ukawa mwekundu, ukalegea. Akautoa motoni, akakunja, akagonga mguu mara moja.

Pumzi haikuja. Akagonga tena, na kona ikaanza kubonyea.

"Baba Watoto," ilisema sauti nyuma ya pazia, taratibu kabisa. "Dirisha langu lini?"

Wageni wakatazamana. Fundi Taa alifanya alichokifanya kwa miaka kumi na tisa, akasema mmm puani. Pazia halikutikisika. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kioo cha moto, nacho akikiacha nje kitaganda na ulemavu wake, akikirudisha motoni kitazidi kulegea. Bibi Miwani alikuwa amevua miwani, anaifuta ili aone vizuri. Fundi hakuwa na pa kujificha ila nyuma ya ule mpira, na ule mpira haukuwa unakwenda popote.

Akautema. Meno yakaufuata, yakaanguka mezani mbele ya wageni wa heshima.

"Jumatatu," alisema kwa mapengo.

"Jumatatu ipi?"

"Hii. Keshokutwa. Mke wangu, puliza."

Pumzi ikaja. Kona ikainuka, ikajaa, ikawa mviringo safi. Watu hawakujua kama wacheke au wapige makofi, wakafanya yote mawili. Bibi Miwani akavuta pazia, na pale kigodani alikuwa amekaa mama mmoja, wima, katika lile gauni la harusi ya binti yake, mpira mdomoni, na hakuacha kupuliza mpaka mguu ulipogonga mara mbili. Basi Fundi Taa alisema mbele ya wote, bila meno, kwamba kitanda kile kuanzia mto hadi miguuni ni pumzi ya huyu mama, na yale maneno ya ukutani yafutwe. Aliona aibu na aliona raha, na hakujua ipi imezidi.

Jumatatu asubuhi aliiondoa rafu, akashika nyundo na patasi. Tofali la mwisho lilipoanguka, jua la saa nne likaingia jikoni, likatua kwenye sufuria, kwenye meza, kwenye uso wa mkewe aliyekuwa anakata vitunguu. Fundi Taa alisimama upande wa pili wa tundu, vumbi tupu kichwani. Aliona mvi asizozijua, na mikunjo pembeni mwa macho ambayo hakumbuki ilifika lini. Ilimuuma. Alimpenda sana wakati ule, akatafuta namna ya kumwambia, akakosa pa kuanzia.

Mkewe hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama dari, kisha kuta, kisha kona ya jiko, na alichokiona kwenye mwanga wa jua hakikumpendeza.

"Baba Watoto," alisema, "masizi yote haya. Utapaka rangi lini?"

Mkono wa Fundi Taa ulipanda wenyewe hadi kifuani, pale mpira ulipokuwa unaning'inia siku zote. Haukuwapo. Ulikuwa shingoni kwa mkewe.